Ramani ya Mafaili ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mapumziko ya katikati ya muhula yameanza. Siku kumi na moja! Nimeamua kumpatia Baba kiti.

Baba ni tarishi wa ofisi ya maji. Ghorofa tatu, afisa mmoja kila ghorofa, lifti hakuna. Hubeba mafaili ya watu wanaoomba kuunganishiwa bomba. Hupanda nayo, hushuka nayo. Siku hizi magoti yake yanalia kama bawaba za mlango wa zamani. Karani wa masjala, yule anayekaa kitini ghorofa ya chini karibu na dirisha, anastaafu, na Mkuu wa ofisi ametangaza kwamba atakayeleta wazo la kuharakisha mafaili ndiye atakayefikiriwa kwa kiti hicho. Baba anasema yeye mawazo hana, ana miguu tu.

Mimi ninalo. Mwalimu wa kompyuta alitufundisha uchimbaji wa michakato. Usimwulize mtu kazi yake inakwendaje, alisema, maana kila mtu atajisifu. Chukua kumbukumbu: faili gani, lilifanyiwa nini, saa ngapi. Kisha chora njia lililopita kweli. Siku ile sikunakili hata kazi ya nyumbani. Nilikuwa nikitazama mishale ikielea juu ya ubao kama ndege wasio na haraka.

Na kumbukumbu zipo! Kila afisa akipokea faili hutia saini na saa kwenye daftari la Baba. Madaftari matatu yaliyojaa yako nyumbani. Moja limeinua mguu wa meza. Nimelichomoa. Chai ya Dada imemwagika. Sayansi ina gharama zake.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora mafaili arobaini, kila moja na rangi yake. Ilipopungua rangi nikatumia wanja wa Dada. Amegundua. Ameniuliza kama ninachora matumbo ya kuku mgonjwa. Ananiita Profesa, na haniiti kwa wema.

Faili namba 27 ni la kusikitisha. Lilipanda kwa Mhandisi, likashuka kwa Mpimaji, likarudi kwa Mhandisi, likashuka masjala, likapanda tena. Mara kumi na moja! Siku thelathini na nne, na mwenyewe alitaka bomba moja tu.

Jambo la ajabu: saini karibu zote ni za saa nne asubuhi. Nilimwuliza Baba. Alisema huo ndio wakati maafisa wanakunywa chai pamoja, kwa hiyo huwanasa wote kwa mpigo. Nimeandika: chai ni moyo wa ofisi.

Jioni niliinua ramani dirishani. Jua likapita ndani yake na rangi zikaangukia mkono wangu. Nilimwona Baba ameketi katikati ya rangi hizo, miguu imenyooka, kiti kina mto. Mama aliniita mara nne kuosha vyombo. Anasema ni mara nne.

Jumatano, 5 Juni

Ugunduzi! Mishale yote hupita mahali pamoja. Mara mia tatu na kumi na mbili! Na hapo ndipo faili hukaa muda mrefu kuliko mahali popote. Nimepawekea duara jekundu na kuandika ndani yake: TARISHI.

Nilifurahi sana. Ni ushahidi kwamba Baba anafanya kazi kuliko wote. Dada aliitazama ramani kwa muda, kisha akasema, Profesa, wewe umegundua kwamba foleni ni Baba. Nikamwambia haelewi sayansi. Akasema kweli, ila anaelewa mishahara.

Nimeandika pendekezo kwa mwandiko wa mtihani. Maafisa watatu wakae chumba kimoja. Faili lipite mkono kwa mkono. Baba hatapanda ngazi, kwa hiyo atakaa. Hoja haina hata ufa.

Baba alisoma polepole, midomo ikicheza. Akauliza, na tarishi je? Nikamjibu tarishi atakuwa ameketi. Alinitazama kama anavyotazama ripoti yangu ya shule, akasema haya mwanangu, akalikunja pendekezo na kulitia mfuko wa shati, ramani akaiweka tayari kumpelekea Mkuu.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu wa ofisi aliniita mwenyewe! Nilivaa sare ya shule. Ramani yangu imebandikwa ukutani, kwa pini nne. Aliwaambia maafisa kwamba ofisi nzima imelala, mtoto ndiye aliyeamka. Meza zikaanza kusogezwa saa ile ile.

Kisha akasema kwa kuwa mafaili hayatembei, tarishi hahitajiki, na masjala nayo itafungwa. Baba akapumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Niliuliza kwa adabu habari za kile kiti. Mkuu alicheka na kuuliza, kiti cha masjala ipi?

Tulirudi kwa miguu. Baba alibeba kikombe chake cha ofisini. Wingu moja dogo lilitufuata njia nzima. Nilitaka kumwonyesha, lakini sikuthubutu.

Jumatatu, 10 Juni

Baba ameketi. Nyumbani. Tangu Jumamosi.

Mama anasema nilitaka akae, basi amekaa, nifurahi. Dada anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia methali haifai hapa, aliyeingia ni Baba. Mama akatuambia tutoke nje sote wawili.

Saa tatu simu ikalia. Mhandisi anauliza faili namba 41 liko wapi. Baba, macho yamefumbwa: tazama chini ya gazeti la Mpimaji, ndipo anapoficha anayoogopa kutia saini. Simu tena. Kuna mama analia getini. Baba: huyo ni mama wa mapacha, fomu yake imekosa picha tu, mpeni kiti na maji kwanza. Simu tena. Mpimaji amegoma. Baba: ana njaa, msubirini ale.

Simu kumi na saba! Nimeandika saa ya kila moja. Hayo yote hayamo daftarini hata kidogo! Nilimwuliza Baba kwa nini hakuyatilia saini. Akauliza, nani angetia saini kwamba alikuwa na njaa?

Jumatano, 12 Juni

Mkuu amekuja nyumbani kwetu kwa miguu yake. Viatu vimejaa vumbi. Baba alisimama kwa mazoea, akaambiwa, keti mzee, keti tafadhali.

Katika kile chumba kimoja maafisa watatu wamegombania dirisha na hawasemezani. Mafaili yamerundikana hadi kwenye swichi ya taa. Mkuu alimwomba Baba arudi kesho. Baba alitazama magoti yake. Hapo Mama akawaambia masufuria, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba magoti ya mume wake yamemaliza mkataba.

Mkuu akakohoa. Akafikiri. Wakaelewana: masjala itafunguliwa, Baba atakaa humo, na mwenye shida na faili atashuka mwenyewe kulifuata.

Kiti! Karibu na dirisha! Mpango wangu umefaulu wote, ila kwa mpangilio tofauti kidogo. Baba alinishika kichwa akasema asante, Profesa. Kwake jina hilo ni tamu.

Alhamisi, 13 Juni

Baba amerudi hana vumbi. Anasema Mhandisi anahema akishuka, anahema zaidi akipanda.

Kesho shule. Lakini sikukaa bure. Tangu Jumatatu nimetundika daftari kwenye mlango wa jikoni, kila mtu aandike alichofanya na saa. Baba ametia saini kumi. Dada kumi na nne, tisa kati yake ni AMEKULA. Mama hata moja. Kila nilipompelekea kalamu alisema mikono yake ina sabuni.

Nimemaliza ramani. Ni nzuri mno, mishale michache, kimya kama ziwa asubuhi. Nguo huanza chafu na kutokea kabatini zimekunjwa. Chakula hutokea mezani mara tatu kwa siku. Hakuna mtu katikati! Nimehesabu mara mbili. Hii nyumba inajiendesha yenyewe.

Nimeanza kuandika pendekezo: Mama aende kwa mdogo wake mwezi mzima, akapumzike. Hakuna kitakachobadilika.