Kifyatulio cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinayumba kama walevi, lakini nifanyeje? Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimenasa ndani ya bunduki ya baba mkwe.

Kosa si langu. Jamaa mmoja niliyesoma naye aliweka picha kwenye kundi letu la simu, amekumbatia samaki mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Watu sitini wakamsifu. Sitini! Mtu aliyekuwa akinakili hesabu zangu, akapata makosa yale yale!

Basi. Baba mkwe yuko kwa dada yake mpaka Jumamosi. Kofia yake ya kuwindia iko msumarini. Bunduki yake kongwe iko ukutani sebuleni, mtutu umezibwa tangu zamani kwa amri ya serikali, haiwezi kuua hata nzi. Nikavaa kofia. Nikakunja zulia likawa nyati, nikalikanyaga shingoni. Nikaingiza kidole kwenye kifyatulio, kile kijichuma kilichopinda cha kuvutwa. Mke wangu akapiga picha. Picha safi! Kisha kidole kikagoma kutoka.

Baadaye kidogo. Mke wangu amepaka sabuni, ameweka mguu ukutani, amevuta. Kidole kimetoka. Kifyatulio nacho kimetoka. Vipande viwili.

Siku tulipohamia vyumba viwili vya uani, baba mkwe alitangaza kwamba humu ndani kila kitu ni cha wote, hata sukari, isipokuwa bunduki. Atakayeigusa atahama siku hiyo hiyo, yeye na godoro lake. Mama mkwe peke yake ana ruhusa ya kuipangusa vumbi. Sisi hatuna pengine pa kwenda. Nina siku tano.

Jumanne, 5 Machi

Gundi! Vitu vyote duniani vinashikana kwa gundi. Vipande vilishikana vizuri sana na kidole gumba changu. Nikavinasua kwa maji ya moto. Kimoja kikaingia kwenye bomba la sinki na kwenda zake.

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Nikamnong'oneza kwamba natafuta kifyatulio cha bunduki ya zamani ya kuwindia. Akauliza kwa sauti ya mnadani kama nina mpango wa kuvamia benki. Watu wakageuka. Nikasema nilikusudia cherehani, cherehani ya shangazi. Akachakura kwenye lundo lake akanipa mkono wa breki ya baiskeli.

Nimeujaribu. Bunduki sasa inaonekana kama inaweza kufunga breki. Nimeutoa.

Nimemwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeamka na wazo kubwa. Kwa nini nitafute chuma? Baba mkwe haigusi bunduki, anaitazama tu! Kila jioni anakaa kwenye kiti chake, anaionyesha kwa fimbo, anasimulia habari ya nyati. Nyati alikuja mbio, wenzake wakakwea miti, yeye akasimama, akavuta kifyatulio kile kile mnachokiona, nyati akaanguka hatua tatu mbele yake. Zamani zilikuwa hatua kumi. Naona nyati anazidi kusogea.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu cha kutazamwa. Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia. Nikachonga kwa wembe saa mbili nzima. Nikapaka dawa ya viatu nyeusi, nikaongeza ya kahawia kwa ajili ya uzee. Nikakipachika. Jamani! Mimi nilipotea njia, nilizaliwa niwe msanii. Nikasimama mlangoni nikatazama. Nikakaa kwenye kiti chake nikatazama. Hakuna macho ya kugundua.

Nimetuma ile picha kwenye kundi. Watu wanne wamesifu. Mmoja ameuliza kama hilo ni zulia.

Alhamisi, 7 Machi

Nilisahau kwamba mama mkwe hupangusa bunduki kila Alhamisi. Nilisahau pia kwamba hupangusa kwa kitambaa kibichi.

Nilikuwa nakunywa chai. Nikaona povu. Povu likaanzia pale kifyatulio kilipo, likateremka ukutani, jeusi. Chai ilinipalia. Mama mkwe akalitazama povu. Akanitazama mimi. Nikajifanya hamnazo. Akafuta mpaka pakawa pakavu, pamebaki tundu tupu, akasema nyumba hii ina unyevu sana siku hizi. Akaenda jikoni.

Atasema tu! Anamsubiri mumewe! Mke wangu amesikia habari hiyo, akatoa sanduku letu chini ya kitanda na kulipangusa. Nimeuliza kwa nini. Amesema lina vumbi. Vyumba hivi viwili navisema kila siku, bati linavuja, mlango haufungi, lakini ndimo ninamolala.

Maji yakinifika shingoni, kuna mlango mmoja tu uliobaki, na mlango huo siupendi. Mwanyumba. Mume wa dada yake mke wangu. Anachonga funguo na kutengeneza vitasa mtaa wa pili. Mkimya, mnyoofu, hachelewi popote. Kila sikukuu mama mkwe anamwekea kiti chenye mto, mimi nakalia ndoo. Nikimwambia ukweli nimekwisha. Atafurahi kunibebea godoro, na atalibeba vizuri.

Nimekwenda. Nimemwambia shangazi yangu ana cherehani ya zamani, imevunjika kijichuma fulani hivi, kimepinda hivi. Nikamwonyesha kile kipande kilichobaki, nusu ya chini. Alikuwa ameshika tupa, ananoa ufunguo uliobanwa kwenye jiriwa. Akatazama kipande nukta moja. Hakupima. Hakuuliza cherehani ni ya aina gani. Akasema sawa, nije kesho.

Bwege! Ameingia mzima mzima!

Ijumaa, 8 Machi

Nimekichukua. Chuma kitupu, kimepinda panapotakiwa, kimekolezwa weusi. Kwa kweli anajua kazi, ingawa ningemshauri ang'arishe zaidi. Nikamwambia shangazi atafurahi. Akasema nimsalimie shangazi, na kwamba mwaka huu cherehani zinasumbua. Maskini, hajui lolote.

Kimeingia chenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kupiga nyundo, haikuhitajika. Nikawaza, bahati ya namna gani hii? Nikajijibu kwamba si bahati, ni maelezo yangu mazuri.

Mke wangu alikuja akatazama. Nikamwambia, unaona sasa, mumeo si mtu wa kubabaika. Akasema ameona. Lakini sanduku hajalirudisha.

Jumamosi, 9 Machi

Baba mkwe amefika saa tano. Familia yote sebuleni, hata Mwanyumba, kwenye mto wake. Mzee hakusalimia mtu. Akaweka mfuko chini, akaitazama bunduki. Akaishusha! Miaka sita naishi humu sijamwona akiishusha. Akapitisha kidole kwenye kifyatulio, akasema hiki ni kipya.

 Nilisikia bomba la jikoni likidondosha.

Nilipiga moyo konde. Nikakohoa, nikasema mimi si mtu wa kusingizia, lakini katika familia hii anayeshika vyuma anajulikana, na pengine aulizwe yeye. Nikamwonyesha Mwanyumba kwa kidevu. Ndiyo, ni usaliti. Lakini yeye ana nyumba yake!

Mwanyumba hakukasirika hata kidogo. Akauliza, kwa adabu, baba anaulizia kipi hasa. Akatoa mfukoni kikopo cha dawa ya viatu. Ndani mna kitambaa, na kwenye kitambaa mna vifyatulio viwili, pacha wa kile cha kwenye bunduki. Akasema huwa anachonga vitatu vitatu, kwa sababu familia hii inavimaliza haraka.

Akaanza kuvihesabu. Cha wiki hii ni changu, cha shangazi. Kabla yake mama mkwe, kitambaa kilinasa, akavuta kwa hasira. Kabla ya mama mkwe, mke wangu. Mke wangu! Alitumia bunduki kuangusha ndala iliyokwama juu ya bati! Wiki nzima ananiangalia nikihangaika na sabuni, na anajua fundi ni nani! Nilimgeukia nikiwa nimewaka. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Akasema angeniambia vipi bila kujitaja, naye ni binti wa mwenye nyumba.

Mzee akanguruma kwamba sheria ni sheria, wote watahama. Mwanyumba akasema vyema, baba, ila nikitaja wote itanibidi nianze na cha kwanza kabisa. Mzee akaanza kukohoa. Mama mkwe akasema kitajwe. Kikatajwa. Cha kwanza kilichongwa kabla Mwanyumba hajaoa humu. Mzee alikuwa anajikuna mgongo kwa bunduki. Ndiyo maana, akasema Mwanyumba, alipoleta posa hakuulizwa maswali mengi.

Mama mkwe akauliza, na nyati je? Mzee akasema nyati alikuwepo. Akaipangusa bunduki kwa kiganja, akaongeza kwamba na mti ulikuwepo.

Akaitundika bunduki. Akasema hakuna aliyegusa kitu, na tule. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Nilikaa kitandani nikavuta pumzi ya watu watatu. Nimepona! Naapa kwa bati hili linalovuja, bunduki ile sitaisogelea tena maishani mwangu.

Jumapili, 10 Machi

Yule jamaa wa samaki ameweka picha nyingine. Yuko juu ya farasi. Watu themanini na mbili.

Wazee wamekwenda kumtembelea mgonjwa. Mke wangu kafuatana nao. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Kosa la Jumatatu lilikuwa nini? Zulia. Zulia halifanani na nyati, hata mtoto angeona. Kosa la pili, kidole cha shahada, kinene mno. Na tena Mwanyumba ana viwili vya akiba kwenye kikopo. Viwili! Hofu ya nini?

Safari hii nimetumia kiti cha mzee, nikakifunika blanketi la kahawia. Nyati mtupu. Kofia, sawa. Simu dirishani, inajipiga yenyewe. Kidole cha shahada sikukitumia kabisa.

Lango limelia, naona wamerudi. Naandika haraka, kwa mkono wa kushoto. Ni kidole gumba.