Ombi la Kurudishiwa Haki ya Kumwita Mwandishi Kabichi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Lugha ya Staha Kazini

Ndugu Guk Yeon-su,

Natumaini hujambo na mafua yamekuacha. Mimi ni Pyo Gi-cheol, mkuu wa dawati la habari za mji katika gazeti letu hapa Pohang. Nimepata wito wako wa kufika Ijumaa nijieleze kwa nini nisiondolewe kwenye dawati kwa sababu ya mdomo wangu. Kabla ya siku hiyo naomba kulalamika, kwa heshima zote.

1. Orodha yenu ya maneno yaliyopigwa marufuku imebeba vifaa vyangu vyote vya kazi. "Kabichi iliyooza." "Hii ni habari au risiti ya dobi?" Nimelelewa kwa maneno hayo. Mkuu wangu wa zamani alikuwa akiyasindikiza kwa kiatu cha kurusha, na nilimpenda, hadi leo sijui kwa nini.

2. Mnataka kila tusi niligeuze kuwa swali la upole. Nimejitahidi. Nilimuuliza mwandishi wangu kijana, Bang, "Je, umewahi kufikiria kutaja moto ulitokea wapi?" Akajibu, "Asante sana, mkuu, nitalifikiria." Bado anafikiria.

3. Upole umeua mtu. Wiki iliyopita tulitangaza kifo cha Mzee Maeng, mwenyekiti wa soko la samaki. Habari niliipata kwa simu, nikaiandika mwenyewe, akaipitia mwandishi Seol Ha-rin. Zamani ningemfokea, "We kabichi, umehakikisha?" Safari hii nilimuuliza kama ana maoni. Akatabasamu: "Sina, mkuu." Asubuhi Mzee Maeng alinipigia akiwa anakunywa supu. "We Pyo, mashada ya maua yanazidi kuja. Niyapokee, au nife kwanza?"

4. Katiba inalinda uhuru wa kusema. Nimeisoma yote, sikuona palipoandikwa "isipokuwa Pyo".

5. Matusi yasiyotoka kazini hutokea nyumbani. Sasa nalitukana jiko la umeme la kupikia wali. Mke wangu anasema, "Liache, halijakukosea." Kwa hiyo naomba chumba cha matusi ghorofa ya tatu, chenye kiti, pamoja na mwandishi wa zamu wa kutukanwa, kwa kupokezana, na apewe chakula cha mchana.

Wasalimie wajumbe wote, wahasibu, na yule mama wa kantini anayeniongezea figili bila kuniuliza.

Wako mtiifu,
Pyo Gi-cheol (muhuri)

N.B. Nilimpa Seol barua hii atafute makosa, maana ndiye mwenye jicho kali. Pembeni mwa namba 3 ameandika kwa penseli: "Si kweli, mkuu. Siku ile ile nilimwona Mzee Maeng sokoni akigombania bei ya ngisi. Nilitaka kukwambia. Lakini mara ya mwisho nilipokusahihisha, ulinisimamisha ukanitukana mbele ya dawati zima, wakacheka hadi chakula kikanishinda. Nikaona heri afe."

Hakuna tusi hata moja hapo. Nimelitafuta. Barua nimeshaigonga muhuri, siwezi kuipasua. Basi Ijumaa msikilizeni yeye kwanza. Mimi nitakaa kimya, kama nitaweza.