Bafu la Mama Mbelu

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja! Mama Mbelu mwenyewe, miaka themanini na miwili, anatoka Kamina kwa treni. Hajakanyaga mji wetu wa Kindu tangu kabla ya vita. Sababu ni gunia moja la chumvi. Mwaka 1998 alitutumia gunia hilo kwa treni ya mwisho. Kisha njia ikafungwa, mji mzima ukawa unakula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi, na gunia likapotea humu humu nyumbani mwangu. Yeye anasema nililiuza. Mimi nasema jirani yangu Florentin aliliiba. Nimelisema hilo kwa miaka ishirini na mitano bila kuchoka.

Béatrice, mke wangu, amelia kwa furaha. Kisha amefuta machozi na kutoa masharti. Mama ni Muluba wa Kasai, na kwa desturi yao haogi pale anapooga mkwe wake. Anahitaji bafu lake, safi, lenye maji. Asipolikuta, atarudi na treni ileile. Na yeye Béatrice atapanda naye. Nilicheka. Mwenzangu hakucheka.

Nina mpango! Bafu letu la ndani, lililojengwa na Wabelgiji wa reli, nitalifanya jipya kwa mikono yangu miwili. Mafundi wa nini? Nilikuwa karani wa serikali miaka thelathini. Mtu aliyeandika vizazi na vifo vya mji mzima atashindwa na ukuta?

Treni imetangazwa ya Jumatano ijayo, tarehe 11. Kwa treni zetu, maana yake ni mwisho wa mwezi. Muda ninao tele.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekagua. Beseni la kuogea ni la chuma, kubwa, lina kutu. Dirisha halifungi. Lakini aibu kuu ni kile kiukuta cha matofali nyuma ya beseni. Kimepinda. Kimevimba tumbo. Tena kinatoka jasho mwaka mzima, hata kiangazi! Mjinga gani alijenga kitu kama hiki? Nawashuku askari waliolala humu wakati wa vita. Au Florentin, kwa wivu tu.

Asubuhi nilikipaka rangi ya buluu iliyobaki kanisani. Saa sita rangi yote ilikuwa sakafuni. Nikapaka tena. Ikaanguka tena. Jioni nimekiambia kiukuta maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Jumatano, 4 Oktoba

Akili ni mali yangu! Nimekwenda sokoni kwa Asumani, muuza saruji na makaro ya kutandika sakafuni. Sikuomba makaro mazima. Niliomba yaliyovunjika. Asumani alinipa kiroba kizima, akanishukuru kwa kumsafishia duka.

Nikaanza kupanga vipande sakafuni, rangi zote, kwa saruji kidogo. Nimechora samaki mkubwa wa mto wetu Lualaba! Nilipiga magoti tangu asubuhi hadi saa kumi. Nikamwita Béatrice aje kuona. Alisimama mlangoni, akasema: "Baba Josiane, hii samaki iko na miguu?"

Ni mapezi. Mtu yeyote anaona ni mapezi.

Tangu leo mwili wangu hauingii bafuni. Bafu ni la mama mkwe. Ninaogea mtoni. Florentin alinikuta na sabuni yangu ufukoni, akauliza kwa sauti, mbele ya wenye mitumbwi, kama sasa muntu mukubwa anaogea ku mto kama mutoto. Mwizi wa chumvi sijibizani naye.

Ijumaa, 6 Oktoba

Dushi! Nimebuni dushi! Pipa juu ya paa, mpira kutoka kwenye pipa, bomba ukutani, na mwishoni kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari. Maji yanashuka yenyewe, bila pampu wala umeme. Wazungu walihitaji mtambo mzima kwa kazi hiyo.

Tatizo dogo: ngazi. Kwenye barabara yetu ni Florentin peke yake mwenye ngazi. Alikuwa fundi wa garimoshi, amestaafu na vyombo vyake vyote, kila kimoja kimetundikwa mahali pake kama kwenye sakristia. Sisi husalimiana msibani tu. Nitamwombaje?

Sikumwomba. Nilisimama karibu na ua unaotutenganisha naye nikamwambia Béatrice, kwa sauti ya kusikika hadi Alunguli ng'ambo ya mto, kwamba watu wengine wana ngazi lakini bila shaka zimeshaoza. Dakika mbili, ngazi ikapita juu ya ua, nzima, imara. Nyuma yake sauti ya Florentin: "Ngazi njo hii. Hesabu vidato, kesho usiseme nimeiba kimoja."

Nimehesabu. Ni kumi na viwili. Pipa liko juu, mfuniko umepotea, si kitu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Béatrice alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikachukua nyundo, nikakiambia kile kiukuta siku zako zimekwisha. Pigo la kwanza, tofali likatoka lenyewe. Hapakuwa hata na saruji ya kweli, ni udongo tu! Mjenzi gani huyu! Pigo la pili, la tatu, nacheka peke yangu. La nne likagonga kitu kigumu. Kitu cheupe. Kimefungwa katika gunia lililooza, na ndani yake plastiki.

Nikalamba.

Chumvi. Imegandamana ikawa jiwe moja. Gunia la Mama Mbelu.

Nilikaa juu ya samaki wangu, saruji bado mbichi kidogo. Kisha nikaenda kwenye sanduku la chini ya kitanda, nikatoa daftari langu la wakati ule. Nanakili hapa, neno kwa neno:

"Jumamosi, 10 Oktoba 1998. Kesho tunavuka kwenda Alunguli, risasi zimekaribia. Chumvi nimeitoa darini, nimeificha mahali pengine, salama kabisa. Nimejenga kwa mikono yangu. Siandiki hapa ni wapi, adui anaweza kusoma. Nitakumbuka."

Kurasa zinazofuata ni tupu. Halafu: "Jumatano, 4 Novemba 1998. Tumerudi. Malaria imenichapa wiki tatu, kichwa bado kinavuma. Nimeangalia chini ya kitanda: hakuna. Darini: hakuna. Ni Florentin, nilimwachia ufunguo."

Basi mjinga aliyejenga kiukuta ni mimi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimewaza siku mbili. Béatrice akijua, anafungasha. Mama Mbelu akijua, anacheka Kamina nzima. Florentin akijua... hapana. Florentin hawezi kujua!

Kutupa mtoni? Chumvi? Sisi tuliokula sombe na majivu ya migomba miaka ile? Siwezi, mkono hautakubali.

Basi kuficha. Lakini Béatrice anafagia kila pembe kwa ajili ya mama yake: chini ya vitanda, darini, hata ndani ya viatu vyangu. Asipofika ni mahali pamoja tu. Juu ya paa! Ndani ya pipa! Pipa ni kavu, sitalijaza mpaka treni ifike, na treni haifiki kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepanda na lile jiwe mgongoni, vidato kumi na viwili, nikalitumbukiza taratibu. Baadaye nitalihamisha kwa utulivu.

Hakuna aliyeniona. Nimeimba mpaka jioni.

Kiukuta nimekibomoa chote. Ukuta wa nyuma yake ni mkavu kabisa, na rangi imeshika. Buluu ya kanisa! Bafu linang'aa. Béatrice amenipiga begani akasema mama atafurahi. Nilisikia raha hadi kwenye visigino.

Jumatano, 11 Oktoba

Maafa!

Alfajiri imenyesha mvua kubwa ya kuvunja migomba. Nimelala vizuri sana. Saa tatu nasikia honi. Honi ya treni! Treni imefika siku iliyotangazwa! Nani alishaona jambo hilo? Watu walikimbilia stesheni na vijiko mkononi, hawakuamini.

Béatrice akaruka kwenda kumpokea mama. Mimi nikakimbilia ngazi; mvua ilikuwa imeiangusha, kuisimamisha kukanila muda. Kidato cha tano nikasikia tayari wanapiga hodi. Mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, kwa hiyo nikashuka na kutokea mlango wa nyuma huku yeye akiingia wa mbele. Akanitumia salamu kupitia Béatrice. Nikarudisha salamu kupitia Béatrice. Sauti yake kutoka ndani ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka.

Akaonyeshwa bafu. Béatrice alikuja mbio kunieleza, macho yanang'aa: mama amesifu rangi, amesifu dushi, amesifu hata mnyama wa sakafuni, kauliza tu ni mbuzi wa nani. Na amesema ataoga sasa hivi, vumbi la njia limemchosha, tena maji yapo, mvua imejaza pipa hadi mdomoni.

Imejaza pipa hadi mdomoni!

Nilipanda ile ngazi kwa mikono na meno. Nikatia mkono wote ndani ya pipa, natafuta jiwe. Jiwe lilikuwa limebaki nusu. Chini yangu bomba likafunguliwa. Nikasikia kopo la maziwa likimwaga, vizuri sana, kazi safi. Kisha nikasikia yowe.

Mlango wa pili wa bafu unafungukia uani. Mama Mbelu alitoka amejifunga kitenge chake hadi kwapani, kichwa cheupe kwa sabuni, macho ameyafumba kwa kuwashwa. Akayafumbua. Akatazama juu. Mimi nikatazama chini. Mkwe na mama mkwe wake, yeye ndani ya kitenge, mimi na mkono ndani ya pipa! Sikufikiri. Niliruka. Nikaangukia matembele ya Florentin.

Hata huko nilimsikia mama mkwe. Alikuwa analamba midomo. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa nyepesi hata kidogo: "Béa! Hii chumvi njo yangu!"

Alhamisi, 12 Oktoba

Kesi imesikilizwa leo. Mama Mbelu ndani, mimi nje nyuma ya mlango, Béatrice katikati akibeba maneno. Florentin aliitwa kama shahidi. Alikuja na shati la Jumapili.

Nilijaribu kusema mvua ya Oktoba mara nyingine huwa na chumvi. Béatrice hakuibeba hiyo. Akaniambia nilete daftari la mwaka ule, anajua huandika kila kitu. Nikasoma kwa sauti, mwaka 1998, yote, mpaka "Ni Florentin, nilimwachia ufunguo."

Nilitegemea mke wangu atapiga kelele. Béatrice alikuja akasimama karibu nami, akasema polepole kwamba miaka ile alikuwa anachuja majivu ili Josiane wetu apate ladha kidogo kwenye sombe. Mtoto alikuwa anakataa, analia. Na kila siku alimwogesha mtoto huyo katika lile beseni, chumvi iko umbali wa mkono wake. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamwambia anisamehe. Nilimwambia mara tatu.

Ndani ikaanza sauti. Nilidhani Mama Mbelu analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakohoa, Florentin naye akadakia, wawili hao wakawa wanagonga meza. Alituma neno: miaka ishirini na mitano aliamini mkwe wake ni mwizi, kumbe ni mupumbafu tu, na mupumbafu anaweza kuishi naye.

Hukumu: mbuzi mmoja, kwa kumwona katika kitenge cha kuogea. Na niombe msamaha kwa Florentin mbele ya barabara nzima.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeomba. Nilisimama juu ya ndoo ili wote wasikie. Miaka yote hiyo watoto wa hapa walimwita Florentin Papa Chumvi, na mimi ndiye niliyewafundisha. Nikasema Papa Chumvi ni mimi. Walipiga makofi kupita kiasi, naona.

Florentin alinishika mkono akaniambia jambo moja tu: siku zile za vita, alipokuwa na ufunguo wangu, alilala mlangoni kwangu siku sita ili watu wasiingie kuiba. Nikampa paja la mbuzi.

Mbuzi tumempika kwa chumvi ileile. Wote tumekula, mama mkwe chumbani, mimi uani, Florentin kila mahali. Mama Mbelu ameagiza maji safi kwenye pipa na ameoga mara mbili. Anabaki mpaka Noeli! Béatrice aliimba akiosha sahani. Sijafurahi hivi tangu harusi.

Jumapili, 15 Oktoba

Somo limeniingia. Kuanzia sasa sifichi kitu wala simshuku mtu. Nimemwambia Béatrice hivyo, amefurahi.

Lile jiwe limebaki kiasi cha kichwa cha mtu. Béatrice anasema tuligawe kwa majirani leo baada ya misa. Sawa. Wazo zuri. Lakini nimefikiri: nani anajua ya mbele? Njia ya reli ilifungwa mara moja, inaweza kufungwa tena. Mzee mwenye busara huweka akiba. Nimekata kipande kizuri, nimekifunga katika plastiki tatu, na leo watu wa nyumbani wakiwa misani nimekiweka mahali salama kabisa. Saruji ya kweli safari hii, si udongo.

Florentin alikuwa uani kwake nikipita na mwiko. Alinitazama kwa namna fulani. Nalikumbuka jicho hilo. Kipande kikipungua, najua pa kuanzia.

Siandiki hapa ni wapi. Nitakumbuka.