Jinsi Élie Alivyomwingiza Jocelyne Katika Kalenda ya Korali

Tegeni masikio, enyi watu wa Baraka na wa Mboko, nanyi mlioko juu kule Fizi. Mwenye dagaa zake za ndagala juani amwachie jirani azilinde, maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja. Ni habari ya Élie mwana wa Norbert, katibu wa korali, shujaa wa kipanya cha kompyuta, na vita alivyopigana kwa ajili ya kalenda.

Siku korali ilipopiga picha ya kalenda ya mwaka mpya, Jocelyne, sauti ya pili isiyo na mfano toka ziwani hata milimani, alikuwa maternité akijifungua. Picha ikapigwa bila yeye. Alipopata habari, alisimama mlangoni mwa kanisa, mtoto mgongoni, akamhutubia Mama Constance, prezida wa korali.

"Mama Prezida, mi niliimba na mimba, nikaimba na malaria. Leo munafanya kalandriye na sura yangu haiko. Basi na sauti yangu haitakuwa ku Noeli. Mutaimba na ile karatasi."

Hofu ikatanda, kwani bila Jocelyne sauti ya pili ni bamama wanaotazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Mama Constance akamgeukia katibu na kompyuta yake.

"Baba Élie, we ndiye unajua ordinatere. Umuingize."

"Mama, nitamuingiza," akaapa Élie, "hata mashine ikatae."

Mashine ikakataa kweli. Ile programu kubwa ya picha ilimfungia lango na kudai dola za kila mwezi, na sanduku la korali, tusifichane, lilikuwa na vifungo vya mashati na noti iliyochanika. Élie alikaribia kulia, maana Jocelyne ni dada wa mkewe, na nyumbani kwake vita vilikwisha anza.

Ndipo akafungua kivinjari, akaita kihariri cha picha cha bure, kile kisichoomba kusakinishwa wala senti, akangoja mtandao. Na kungoja huko peke yake kungempatia mtu nishani. Matangazo yakamrukia kulia na kushoto, akayafunga moja moja bila huruma. Akamkata Jocelyne kutoka picha ya sokoni, ya pekee aliyokuwa nayo, akambeba hadi safu ya mbele, naye akatokea jitu, kichwa kikigusa dari. Akampunguza. Kitenge chake akakipaka kijani cha korali. Umeme wa sola ukapepesa, Élie hakupepesa.

Ila mdomo ulimshinda. Pale sokoni Jocelyne alikuwa akiita wateja, kinywa wazi kabisa, na wanakorali wote wameibana midomo kama watu wa picha ya kitambulisho. Alipojaribu kuufunga, shemeji akageuka kibogoyo mwenye hasira. Akaurudisha ulivyokuwa, akaenda kumwonyesha mbele ya korali nzima.

Jocelyne akaishika picha, akapitisha kidole mdomo kwa mdomo.

"Shemeji," akasema, "bote banafunga kinywa. Ni mi peke yangu naimba."

"Ni vile, shemeji. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Ile njo kweli yenyewe." Akamgeukia Mama Constance. "Répétition ya nyimbo za Noeli ni saa ngapi?"

Basi na iandikwe katika tarehe za nchi ya Fizi kwamba, bila programu ya dola wala damu kumwagika, Élie mwana wa Norbert aliikomboa sauti ya pili. Na mwaka ule wote, ukutani mwa kila nyumba ya waumini, korali nzima ilinyamaza mwezi baada ya mwezi, ikimsikiliza Jocelyne.