Kamyo Ililewa, Harufu Nikaibeba Mimi

Madereva wenzangu wa Uvira, leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka. Nawaandikia nikiwa Fizi, na mdomo wangu bado unanuka esansi ya gari. Tafadhali msisome kwa sauti.

Mnajua ninavyomtaka Riziki. Mnajua pia kwamba mama yake, kiongozi wa akina mama kanisani Baraka, anaamini kila dereva ni mlevi. Leo wazee wa ukoo wao walikuwa wanakutana hapa Fizi kuamua kama nitapewa binti, na neno la mama huyo ndilo lilikuwa la mwisho. Nikajitolea kumpandisha yeye na bibi yake Riziki kutoka Baraka kwa kamyo, lile lori la tajiri wangu. (Nani alinituma?)

Shida ilikuwa esansi. Mashua ya mapipa haijafika, na iliyobaki kwenye tangi isingetosha kupanda milima na kurudi. Nikamkumbuka fundi mmoja aliyesema kwamba wakati wa vita gari zilitembea kwa esansi iliyochanganywa na alkoli. Ni kweli, jamani. Alkoli inawaka vizuri. Ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya esansi, kwa hiyo gari inakunywa zaidi kwa safari ile ile. Hilo nililihesabu. Jirani yangu akaniletea debe zima la lutuku, ile pombe kali inayopikwa kwa siri kwa sababu serikali inaikataza.

"Iko ya Baraka, kaka. Iko kali sana!"

Nikamimina bila kuijaribu. (Tajiri asione barua hii.)

Mpaka Mutambala mambo yalikuwa mazuri. Mama mukwe alikaa nyuma na kitambaa chake cheupe kichwani, maana kwa mila mimi naye hatuwezi kukaa kiti kimoja, wala kusemezana uso kwa uso. Bibi alikaa mbele, akinitania kama ilivyo haki yake.

"Mume wangu, wakikunyima Riziki utanioa mimi!"

Nilicheka. Jasho lilikuwa linanitoka.

Mutambala mama mukwe akaomba tusimame asalimie ndugu. Salamu zikawa ndefu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa bila kujua. Chukueni mafuta ya mawese na maji, mkoroge ndani ya chungu: vinachanganyika. Acheni kukoroga: vinaachana. Lutuku yangu ilikuwa na maji mengi. Njiani mashimo ya barabara yaliikoroga pamoja na esansi. Kamyo iliposimama, alkoli ikashikamana na maji yake, vyote vikazama chini ya tangi, esansi ikabaki juu. Na kamyo inanyonya kutoka chini!

Tukaanza mlima. Ikakohoa. Ikaruka kama mbuzi. Ikazima, gurudumu la nyuma likiwa ukingoni mwa korongo. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Jiwe likaporomoka chini, na sikusikia lilipofika.

Ndipo harufu ikapanda. Kilabu kizima cha pombe, pale mlimani!

Mama mukwe alikuwa ameshashuka, akamgeukia bibi, mama yake mzazi. "Mama, muulize huyo kijana, alikunywa?"

"Mume wangu, anauliza we iko mulevi?"

"Hapana, bibi! Kamyo ndiyo imekunywa!"

"Anasema kamyo ndiyo ilikunywa."

"Na mimi nilisema nini juu ya bashofere?" Mama mukwe akageuka, akaanza kutelemka kwa miguu kuelekea Baraka. (Ndoa yangu na Riziki ilikuwa inaondoka naye!)

"Bibi, mwambie angoje! Nitamwonyesha!"

Akasimama, mgongo kwangu. Nikatoa mpira wangu wa kunyonyea esansi chini ya kiti, nikauzamisha mpaka chini ya tangi, nikaomba sufuria waliyobeba, nikanyonya. Nilinyonya kwa hofu, ndugu zangu, na anayenyonya kwa hofu hajui kuacha. Funda kubwa likapita kooni. Lutuku nyingine ikachuruzika ndani ya sufuria, nyeupe kama maji.

Nikafungua mdomo nieleze habari ya mawese na maji. Badala yake nikacheua. Mbele ya mama mukwe!

"Toa pumzi," bibi akasema. Akaleta pua yake mdomoni mwangu. Akafumba macho. Akanusa tena. Kisha akachovya kidole kwenye sufuria, akakinusa polepole.

"Muchaichai," akasema. "Ule wa kuficha harufu." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, hii si lutuku yetu? Na maji nilikuambia usizidishe!"

Mimi nilitazama gurudumu. Mama mukwe alitazama milima ya Bibokoboko kana kwamba ana ng'ombe wake huko. Kisha akakaza kitambaa, akaja mbele ya kamyo, akashika manivela, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono.

"Mama, mwambie aingie kwa usukani."

Mpira ulikuwa umeshamwaga maji yote chini, esansi imeshuka mahali pake. Mama mukwe akazungusha manivela kama anayetwanga mihogo. Kamyo ikawaka.

Hapa Fizi mzee mmoja akamuuliza: "Huyu shofere anakunywa?"

"Hapana," akajibu. "Kamyo yake tu."

Nimepewa Riziki! Basi msinicheke. Ila mkilazimika kuchanganya esansi na lutuku, kwanza iwasheni kidogo muone kama inashika moto. Na kabla ya hapo, ulizeni kama aliyeipika ana binti.