Kisima cha Laini ya Juu

Jumatatu, 4 Machi 1957
Habari kubwa. Bwana Maji wa Nakuru anakuja kupima visima vya machimbo yetu hapa Gilgil. Kisima cha Laini ya Juu, safu ya nyumba za vibarua ninayoisimamia, kina chumvi tangu mashine ya kuosha udongo mweupe ianze kumwaga uchafu wake nyuma ya nyumba zetu. Watoto wanaharisha. Binti yangu amekonda hadi naogopa kumbeba. Mke wangu Adero huteka maji mtoni, asubuhi nzima inakwisha njiani. Meneja ameagiza kila nyapara ajaze chupa moja kisimani. Micah, nyapara wa Laini ya Chini, anajigamba eti kisima chake ndicho kitakachozungumzwa. Tutaona!

Jumanne, 5 Machi
Mambo haya nayajua. Ni kama maonyesho ya Nakuru, ng'ombe bora anavishwa utepe. Tena nani humpa mgeni maji mabaya? Nimejaza chupa kwenye tangi la mvua la kanisa. Yanameta! Chupa ya Micah ina rangi ya uji. Nilimhurumia kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Msiba. Bwana Maji ametangaza kwamba maji ya Laini ya Juu ni safi kabisa. Nilipiga makofi, peke yangu. Kisha akaeleza kuwa laini yenye maji mabaya italetewa bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Micah anapata bomba. Mimi napata pongezi. Wanawake walikuja kuniuliza nimepima kisima gani. Nikawaambia sayansi ni ngumu. Adero alichukua ndoo akaenda zake mtoni. Niliona aibu, kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Mpango mpya. Nilitia majivu na grisi kwenye chupa nyingine, nikampelekea Bwana Maji hemani kwake. Alinusa, akauliza kama tunaishi ndani ya injini. Akaimwaga. Nimekwisha!

Jioni. Kumbe Adero alimkaribisha chai, ya maji ya kisima, bila kuniuliza. Mgeni alipiga funda moja, akakunja uso, akataka kujua maji yametoka wapi. Adero akampeleka. Akateka kwa mkono wake, akadondosha dawa, maji yakageuka meupe kama maziwa. Ameamuru kisima kifungwe, uchafu wa mashine uchimbiwe shimo mbali, na bomba lifike hadi kwetu. Binti yangu atakunywa maji matamu. Nilitaka kulia, ila Micah alikuwa anatazama.

Jumamosi, 9 Machi
Ni wazi grisi yangu ndiyo iliyomzindua Bwana Maji. Adero anacheka tu nikimweleza.

Jumatatu anakuja karani wa kuhesabu watu wa kila laini, ili wajue bomba liwe nene kiasi gani. Laini yangu imefurika watoto, shemeji, na wageni waliokuja Krismasi wakasahau kuondoka. Micah atatucheka. Nimeagiza nusu yao washinde mtoni siku hiyo. Karani atatukuta wachache na nadhifu.