Nani Anabisha Hodi Garini?

Jumatatu, 3 Machi
Gari linagonga. Ko! Ko-ko! Kila tuta, kila kona. Jana asubuhi lilikuwa kimya kama maji mtungini! Na sijaligusa, isipokuwa nilitoa mkanda uliofunga jeki kwenye buti, nikafungia mlango wa banda la kuku. Sasa nini hiki? Nimewaza mpaka chai ikapoa.

Jumamosi binti yetu anaolewa. Tangu ana miaka sita nimemwahidi nitampeleka mwenyewe, kwa gari hili hili. Mke wangu kasema nimwite kaka yake, fundi. Thubutu! Shemeji ametangaza mbele ya watu kuwa langu likigonga, bibi harusi atapanda lake jipya. Simwiti ng'o.

Jumanne, 4 Machi
Nimelala chini ya gari nikigonga kila chuma kwa mwiko, sikio wazi. Ka. Ki. Ku. Ko hakuna! Mwiko umevunjika. Mke wangu kauliza sasa akorogee mkono?

Shemeji kapita, kauliza nani anabisha hodi humo ndani, mbona hafunguliwi. Majirani wakacheka. Nami nikacheka, kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata wazo! Nimejikunja butini, jeki nikaifanya mto, mke wangu akashika usukani. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya! Nikapiga vigelegele peke yangu gizani.

Sokoni mke wangu akakutana na dada yake. Soga nusu saa! Nikapiga ngumi mlango wa buti. Nikamsikia dada mtu akisema kweli, gari lenu linagonga hata likisimama.

Hata hivyo nimegundua ugonjwa. Gari linataka uzito nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Magunia matatu ya mchanga butini, juu ya jeki. Kimya! Nimepita mbele ya gereji ya shemeji mara nne, madirisha wazi. Kauliza kama nimebeba kiboko. Kijicho tu.

Jumamosi, 8 Machi
Masanduku ya bibi harusi hayakuenea. Ikabidi mchanga ushuke. Masanduku nikayapanga upande mmoja, jeki upande wa pili.

Nusu ya njia: Ko! Nikaimba kuufunika mlio. Ko-ko! Shemeji nyuma yetu na gari lake jipya, akipiga honi. Binti akaniambia nisimame. Nilijua anahamia kwa mjomba wake.

Akashuka, akakunja gauni, akafungua buti, akatoa jeki, akaiviringisha kwenye mtandio. Akarudi, akaipakata, akasema baba, twende, mimi napanda hili hili. Nimelia, sifichi. Sikumuuliza ya jeki. Wasiwasi wa harusi, kila mtu ana kitu chake cha kushika.

Tukaingia kimya kabisa! Shemeji akafungua mlango kumpokea bibi harusi, akapokea jeki kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Jana gari lilishinda kimya. Nimeelewa: lilikuwa na huzuni ya kuachwa na binti. Ameshaolewa, limekubali.

Asubuhi shemeji kaleta jeki, kasisitiza niifunge vizuri. Anajifanya kunifundisha gari langu! Nimeitupia butini.

Mchana, tuta la kwanza: Ko!

Huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Nahisi injini. Nimemwambia mke wangu ajiandae kuendesha. Safari hii nitalala juu ya boneti.